Karatasi ya daftari au mkataba wa mauziano: ipi itakurudishia pesa yako?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mei Mosi 2024 nilimkopesha jamaa niliyewahi kufanya naye kazi shilingi 12,000,000 akanunue mpunga Ubaruku wakati wa mavuno, aufungie stoo, auze bei ikipanda. Tulikubaliana riba ya asilimia 10 kwa mwezi na pesa irudi tarehe 30 Novemba. Aliniandikia kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari, akasaini, na kaka yake akasaini kama shahidi. Kwa usalama zaidi tukaandikishana mkataba wa mauziano ya nyumba anayoishi, kwa bei hiyohiyo ya milioni 12. Una mhuri wa wakili, ila tarehe tuliiacha wazi. Kadi ya gari lake, Noah, nayo ninayo mimi. Alinitumia 1,200,000 mara mbili, halafu kimya. Februari 2025 akatuma 500,000. Imeshapita miezi kumi na sita tangu nimpe pesa, na kwa hesabu yangu namdai milioni 28 na ushee. Nataka nijaze tarehe nichukue nyumba, lakini mkewe anasema hatoki kwa sababu yeye hajasaini popote. Si nimeshainunua kisheria? Na yule kaka mtu hawezi kulipa? Wapo na wengine wawili watatu niliowakopesha hivyohivyo, kwa hiyo jibu lako litanisaidia sana. Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Kaka yangu, usijaze hiyo tarehe. Iache kama ilivyo, uurudishe mkataba kwenye bahasha, na hasira uzipe siku mbili tatu. Mwenzako alisaini ile hati kwa nia ya kukupa dhamana. Ukiijaza leo ili ionekane kama aliuza nyumba, unaweza kujikuta wewe ndiye unayeandika maelezo polisi kujibu tuhuma za kughushi, na deni lako la halali likageuka hadithi ya pembeni.

Una nyaraka tatu mkononi na umezipanga kinyume. Mkataba wa mauziano wenye mhuri umeuweka juu, kadi ya gari katikati, karatasi ya daftari chini kabisa. Mimi ningeanza na hiyo ya chini. Karatasi ya daftari ndiyo yenye uwezo wa kukurudishia pesa. Mkataba wa mauziano ndio utakaokuangusha ukiutanguliza. Na kadi ya gari, kwa jinsi ulivyoichukua, umeshika ala tu, kisu anacho yeye.

Nimeisoma picha ya karatasi uliyonitumia. Ukiondoa majina, inasema: "Nimepokea Tsh 12,000,000/= (milioni kumi na mbili tu) na naahidi kuzirudisha zote tarehe 30/11/2024 pamoja na riba kama tulivyokubaliana." Chini pana saini yake, ya kaka yake, na namba za simu.

Watu wengi hawajui kwamba karatasi ya namna hii ina jina lake katika sheria. Inaitwa hati ya ahadi ya kulipa, na inatawaliwa na sheria ileile inayotawala hundi na hawala, Sura ya 215 ya sheria zetu, iliyofuata kwa karibu sana sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Sheria hiyo haidai mhuri, haidai kompyuta, wala haidai wakili. Inachotaka ni ahadi ya kulipa isiyo na masharti, iwe kwa maandishi, isainiwe na anayeahidi, kiasi kiwe kinajulikana, muda wa kulipa ujulikane au iwe ni pale mdai atakapodai, na anayelipwa atajwe au awe yeyote mwenye kuishika hati. Tena mpaka akukabidhi mkononi. Hati iliyosainiwa ikabaki kwenye droo ya aliyeiandika bado haijamfunga.

Neno la kushika hapo ni "naahidi". Angeandika "nimekopa milioni 12" akaishia hapo, ungekuwa na ushahidi wa deni lakini usingekuwa na hati ya ahadi. Angeandika "nitalipa nikishauza mpunga", ahadi ingekuwa na sharti, na ungebaki kubishana naye kama mpunga umeuzwa, umeliwa na panya au bado uko stoo. Mwenzako ameandika "naahidi kuzirudisha zote" na akataja tarehe. Hapo alikutendea haki kuliko wewe ulivyojitendea.

Kinachoichafua karatasi ni maneno matano ya mwisho: "pamoja na riba kama tulivyokubaliana". Sheria haikatazi hati ya ahadi kuwa na riba, lakini mtu anayeisoma anatakiwa aweze kupiga hesabu ajue anadai kiasi gani. "Kama tulivyokubaliana" ni hesabu iliyo vichwani mwenu wawili tu, na vichwa hivyo sasa vimegombana. Kwa hiyo upande wa pili watasema hii si hati kamili ya ahadi kwa sababu kiasi hakijulikani. Hata wakishinda hoja hiyo, deni halifutiki. Karatasi inabaki kuwa mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa mkono wa mdaiwa mwenyewe, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inautambua. Unachopoteza ni ile njia ya mkato ya mahakamani, ambayo nitaieleza.

Sasa nyumba, na hapa sitakwenda haraka, maana barua kama yako nazipokea mara nyingi na kosa ni lilelile. Mkopeshaji anaogopa kwamba rehani ina mlolongo, kwa hiyo anamwambia mkopaji, "tuandikishane tu kama umeniuzia, ukilipa tunachana." Mkopaji ana shida, anasaini. Wote wawili wanajua hapakuwa na mauzo. Wakili au mwenyekiti wa mtaa anapiga mhuri. Siku ya siku mkopeshaji anadhani ana nyumba.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema waziwazi kwamba rehani ya ardhi ni dhamana tu. Haihamishi umiliki kutoka kwa mkopaji kwenda kwa mkopeshaji. Mwenye nyumba anabaki kuwa mwenye nyumba, na ana haki ya kuikomboa kwa kulipa deni. Huwezi kuikwepa kanuni hiyo kwa kubadilisha kichwa cha habari juu ya karatasi. Hakimu ataangalia kilichotendeka. Bei ya nyumba ni sawasawa na kiasi cha mkopo, hadi shilingi. "Muuzaji" hajawahi kuhama. "Mnunuzi" hajawahi kudai funguo kwa mwaka mzima, tena amekuwa akipokea riba juu ya bei aliyonunulia. Tangu lini mtu aliyenunua nyumba akapokea riba kutoka kwa aliyemuuzia? Zile meseji zako za M-Pesa za 1,200,000 ndizo zitakazouvunja mkataba wako mwenyewe. Ni kweli Sheria ya Ushahidi hairuhusu mtu kuja na maneno ya mdomo kupinga maandishi, lakini inaacha mlango kwa anayetaka kuonyesha udanganyifu, uharamu au jambo lingine linaloubatilisha mkataba, na mlango huo ndio wakili wake atakaoupitia.

Na mkewe yuko sahihi. Hiyo ni nyumba ya familia, wanaishi humo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Sheria ya Ardhi nayo inasema rehani ya nyumba ya ndoa itakuwa halali pale tu nyaraka zitakaposainiwa na mwenza anayeishi humo, au zikionyesha ridhaa yake, na mkopeshaji ana wajibu wa kuulizia kama mkopaji ana mke au mume. Wewe ulikula ugali nyumbani kwao, umeniandikia mwenyewe kwenye barua ya pili. Huwezi kusimama mbele ya hakimu useme hukujua kama kuna mama mwenye nyumba.

Kwa hiyo iwe mauzo, iwe rehani, bila saini ya mke hakuna nyumba. Mhuri wa wakili hauponyi hilo. Unashuhudia kwamba aliyesaini alisaini mbele yake, basi.

Kinachoniuma ni kwamba njia halali haikuwa ngumu kama ulivyodhani. Nyumba ikiwa na hati miliki, rehani huandikwa kwa fomu yake na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo ndiyo njia ya mabenki. Lakini Sheria ya Ardhi inatambua pia namna nyepesi: maandishi yaliyoshuhudiwa yanayoonyesha wazi kwamba ardhi hii ni dhamana ya deni hili, au kumkabidhi mkopeshaji hati ya nyumba aishike. Karatasi nyingine ya daftari yenye mistari minne, "nyumba yangu iliyoko mtaa fulani ni dhamana ya deni la milioni 12", ikiwa na saini ya mume, ya mke na ya mashahidi wawili, ingekupa nguvu kuliko huo mkataba wa kurasa tatu.

Hata hivyo mwenye rehani halali hahamii tu ndani. Akikosa kulipwa anatoa kwanza notisi ya kushindwa kulipa, na mkopaji anapewa siku 60 kurekebisha. Ikifika mnada, Sheria ya Wadalali wa Mnada inataka tangazo la siku zisizopungua 14. Na mkopeshaji anawajibika kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana wakati huo: nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba amekiuka wajibu huo, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Kinachobaki baada ya deni na gharama ni cha mwenye nyumba. Wewe ulitaka nyumba nzima kwa deni la milioni 12. Umenitumia na picha: bati la rangi, madirisha ya aluminiamu, vyumba vinne. Tuheshimiane, kaka.

Noah nalo lina mtego wake. Kadi inaonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani. Kuishika hakukufanyi mmiliki wala hakukupi haki ya kwenda kulivuta usiku. Mteja wangu mmoja alikaa na kadi ya Fuso kwenye sefu miezi tisa akilala usingizi mzuri. Mdaiwa akaenda polisi kuripoti kwamba kadi imepotea, akapata nyingine TRA, akaliuza lori Tunduma. Mteja akabaki na karatasi yenye rangi nzuri.

Kama gari lenyewe lingekuwa limeegeshwa kwako kwa makubaliano ya kuwa dhamana, hapo Sheria ya Mikataba inamruhusu mshika dhamana, baada ya muda kupita na kutoa notisi ya kutosha, kuuza mali hiyo, kukata deni lake na kurudisha kinachozidi. Gari likibaki kwa mkopaji anaendelea kulitumia, dhamana yake iandikwe na kusajiliwa chini ya sheria ya uhamishaji wa mali zinazohamishika, Sura ya 210, ili hata mtu wa tatu akilinunua dhamana yako isomeke. Wenzetu Kenya walirahisisha hilo mwaka 2017 kwa sheria mpya na daftari la kielektroniki la dhamana za mali zinazohamishika, hadi mazao na mifugo. Wewe hukuandika chochote kuhusu gari, hata mstari. Endelea kuishika kadi akikubali kwa hiari, lakini akiidai, usijenge kesi juu yake.

Kaka yake sitamzungumzia sana. Umesema mwenyewe alisaini kama shahidi. Shahidi kazi yake ni kuja kusema "niliona pesa zikihesabiwa, niliona ndugu yangu akisaini", na usimdharau, maana hiyo ni kazi kubwa mdaiwa akianza kukana. Anayelipa ni mdhamini, na mdhamini ni yule aliyeahidi kwamba asipolipa fulani nitalipa mimi. Huyu hakuahidi hivyo. Angekuwa mdhamini, kisheria ungeweza kumdai hata kabla ya kumaliza na mkopaji. Neno moja tu lingewabadilishia mambo.

Tuje kwenye milioni 28 na ushee. Hesabu yako nimeirudia: 1,200,000 mara miezi kumi na sita ni 19,200,000, jumlisha milioni 12, toa 2,900,000 alizolipa, unapata 28,300,000. Hesabu ni sahihi. Haki ya kuidai ndiyo yenye matatizo.

La kwanza, karatasi haitaji asilimia 10. Yeye akisema mlikubaliana asilimia 3, ni neno lako na lake. Meseji zile mbili za 1,200,000 zitakusaidia kidogo, maana zinalingana na asilimia 10, lakini yeye atasema alikuwa anapunguza deni. La pili, hakuna mahali mlipoandika kwamba riba hiyo inaendelea kukimbia baada ya tarehe 30 Novemba. Hata mngeandika faini ya kuchelewa, labda elfu hamsini kwa siku kama wengine wanavyofanya, Sheria ya Mikataba inamruhusu hakimu kukupa fidia inayostahili tu, isiyozidi hicho kiasi mlichotaja, na si lazima akifikie.

La tatu ndilo lililonifanya niweke kalamu chini kwa muda. Umeandika "wapo na wengine wawili watatu". Mtu anayemkopesha rafiki mara moja ni jambo moja. Mtu anayekopesha watu kwa riba kama kazi ni jambo lingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne: daraja la kwanza ni mabenki na taasisi zinazopokea amana, la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mkopeshaji binafsi yuko daraja la pili na anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Kufanya biashara hiyo bila leseni ni kosa la jinai. Na hao wenye leseni wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wako hiyo ingekuwa 420,000 kwa mwezi, wewe unadai mara tatu yake kasoro kidogo. Mtaani mikopo ya namna hiyo ina jina lake, kausha damu, na sidhani kama wewe ulijiona uko kundi hilo.

Nitakushauri kama ambavyo ningemshauri ndugu yangu. Dai mtaji. Milioni 12 alipokea, alisaini, na kama alikula au alinunulia mpunga, hilo halibadilishi kitu. Katika sheria yetu ya mikataba iko kanuni kwamba hata makubaliano yakigundulika kuwa batili, aliyenufaika anarudisha alichopokea. Lakini kadiri unavyopigania riba ya asilimia 10 ndivyo unavyomkaribisha wakili wake akuulize kizimbani: una leseni? Umekopesha wangapi? Kodi ya hiyo riba unalipa wapi? Ukidai milioni 12 na ukakubali kwamba 2,900,000 alizotuma zihesabiwe kama sehemu ya malipo, unadai 9,100,000 na mkono wako ni msafi. Mimi ningechukua hiyo, leo. Na hao wengine wawili watatu, usiwaongezee mkopo mpya mpaka umeshughulikia leseni.

Wapo watakaokwambia uende polisi ukamshtaki kwa kujipatia pesa kwa udanganyifu. Usiende. Alikopa kwa uwazi, akaandika, akaanza kulipa, akakwama. Hilo ni dai la madai. Kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya madeni, ingawa wako wanaokigeuza hivyo.

Muda wa kufungua kesi unao. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 chini ya sheria ya ukomo wa muda, Sura ya 89, na miaka inaanza kuhesabiwa siku aliposhindwa kulipa. Tena ile 500,000 ya Februari 2025 imekusaidia: malipo ya sehemu ya deni, au maandishi ya kulikiri yenye saini yake, yakija kabla muda haujaisha yanaanzisha hesabu upya. Kwa hiyo una nafasi hadi Februari 2031. Usiitumie yote. Mashahidi wanahama, simu zinapotea, na mdaiwa akifa utakuwa unamdai msimamizi wa mirathi badala yake.

Umenitajia juujuu kwamba aliwahi kukuandikia WhatsApp: "Kaka nivumilie, hela yako ipo, mwezi wa nane nakuletea." Hiyo ni dhahabu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe kama huo unapokelewa mahakamani, ila mahakama inataka kujua ulitunzwaje na kama haukuguswa. Usiishie kupiga picha ya kioo. Itunze simu yenyewe na laini yake, usifute mazungumzo ya juu wala ya chini, na uende kwenye duka la mtandao wako wa simu ukaombe taarifa ya miamala yenye mhuri inayoonyesha 1,200,000 mbili na ile 500,000. Kama milioni 12 ulizitoa benki siku hiyohiyo ya kumpa au siku moja kabla, chukua na taarifa ya benki.

Kisha mwandikie notisi ya madai. Ukurasa mmoja unatosha: ulipokea kiasi hiki tarehe hii, umelipa kiasi hiki, umebakiza 9,100,000, lipa ndani ya siku 14 au 21, usipolipa nitafungua kesi. Usitukane, usimtaje mkewe, usiitaje nyumba. Mpelekee mkononi mbele ya mtu, asaini nakala yako kwamba amepokea. Akikataa kusaini, aliyekusindikiza aandike kwamba amekataa. Wengi hulipa au huomba kupangiwa awamu hapo hapo, na akiomba awamu mpe, lakini aandike tena, safari hii bila "kama tulivyokubaliana".

Isipowezekana, kuna njia mbili za mahakama. Mahakama za Wilaya na Hakimu Mkazi zina utaratibu wa mkato chini ya Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, uliowekwa kwa ajili ya hundi, hati za ahadi na rehani. Mdaiwa haruhusiwi hata kujitetea mpaka aombe na kupewa kibali. Ni utaratibu mtamu, ila unataka hati iliyo safi, na ya kwako ina lile doa la riba. Wakili wake atalishika hilo, mtahamia kwenye kesi ya kawaida mkiwa mmeshapoteza miezi. Mahakama ya Mwanzo ndiyo saizi yako. Ina uwezo wa kusikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kila kitu kinaendeshwa kwa Kiswahili, gharama ni ndogo, na unaweza kusimama mwenyewe ukaeleza. Fungua kule mdaiwa anakoishi.

Ukishinda na asilipe, unaomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, na hapo ndipo Noah linaweza kukamatwa kihalali na dalali wa mahakama, likiwa bado lipo. Stoo ya mpunga pia. Nyumba usiiwekee matumaini: sheria ya mwenendo wa madai inaitaja nyumba anayoishi mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea miongoni mwa mali zisizokamatwa ili kulipa deni la hukumu. Ni mojawapo ya sababu dhamana halali yenye saini ya mke ina thamani, na mkataba wako wa mauziano hauna. Ule mkataba, kwa njia, umrudishie. Mwandikishane kwamba ameupokea na kwamba deni bado lipo palepale. Ishara hiyo moja inaweza kumleta mezani haraka kuliko notisi.

Siku ukimkopesha mtu tena, na ukiwa na haki ya kufanya hivyo, andika hivi: "Mimi (jina, namba ya NIDA, anapoishi) naahidi kumlipa (jina) au yeyote atakayeelekezwa naye shilingi 12,000,000 tarehe 30/11/2026, pamoja na riba ya asilimia (taja) kwa mwezi kuanzia leo hadi tarehe hiyo. Dhamana ya deni hili ni (taja mali)." Saini, tarehe, mahali. Kutaja dhamana ndani yake hakuiharibii hadhi ya hati ya ahadi. Mdhamini aandike mstari wake mwenyewe, neno mdhamini lionekane. Mwenza asaini kama mali ni ya nyumbani. Kisha mpitie TRA mlipie ushuru wa stempu, maana hati inayotakiwa kulipiwa na haikulipiwa inaweza kukwama pale unapotaka iwe kielelezo. Hata hiyo ya sasa, kawaulize TRA kabla ya kufungua kesi. Ukiambiwa ulipe na adhabu ya kuchelewa, lipa.

Na tafadhali usiitie laminesheni. Najua utatamani, kwa kuwa imeanza kuchakaa kwenye mkunjo. Mwaka wangu wa pili kazini nilipeleka mahakamani karatasi ya mteja iliyokuwa inang'aa kama kitambulisho. Mhuri wa kielelezo haukushika kwenye nailoni, na upande wa pili wakapata la kusema kuhusu wino ambao hakuna aliyeweza kuukagua. Iweke hiyohiyo halisi katikati ya kitabu kikubwa, toa kopi nne, na kopi ndizo utembee nazo.